Bibi kafa, Kashata na Ubuyu hawapatani

Babu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Isevya hapa Tabora mjini. Najua hapa watu wanakuuliza mambo ya ng'ombe na kuku, na mume wangu kanicheka aliponiona naandika, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Shida yangu ni simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao Waingereza huwaita guinea pig.

Tulikuwa nao watatu, wote majike. Mdogo wangu anafanya kazi Njombe, na alipokuja likizo mwaka juzi aliwaletea wanangu kwenye kikapu. Mkubwa wao alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, watoto wakamwita Bibi. Wadogo wawili, ndugu wa tumbo moja, ni Kashata na Ubuyu. Kule walikotoka wanaliwa, mdogo wangu alinieleza hata namna ya kuwachoma, ila humu ndani hakuna aliyethubutu kulitaja hilo tena. Asubuhi nikianza tu kukata mboga, wote watatu wanapiga mluzi mpaka jirani ananiuliza kama chai imeiva.

Mwezi uliopita Bibi alipata mafua. Pua ilimchuruzika, chafya haziishi. Nikaenda duka la dawa, kijana wa pale akaniambia nifungue kapsuli ya amoksilini, nimpe unga kidogo kwenye maji asubuhi na jioni kama mtoto mchanga. Siku ya pili chafya zikapungua, nikashukuru. Siku ya tatu akaacha kula, akaanza kuharisha maji, tumbo likajaa kama ngoma. Alfajiri ya siku ya tano tulimkuta amejikunyata kwenye kona, wa baridi. Binti yangu ana miaka tisa. Siku hiyo hakwenda shule, na mimi mwalimu sikumlazimisha. Tulimzika chini ya mwembe.

Sasa hawa waliobaki. Bibi alipokuwepo hawakuwahi kugombana. Tangu aondoke, Kashata anamfukuza Ubuyu kwenye bakuli, anamng'ata manyoya ya kiunoni, anamtoa kwenye boksi la kulalia. Damu sijaiona. Ubuyu amejitenga, anakula kidogo, mluzi hapigi tena. Naona wana msiba, au upweke, sijui wanyama wanaitaje.

Kila mtu ana ushauri wake. Jirani ana dume, anasema majike wakipata mwanamume ndani watatulia. Kaka yangu anataka kunipa sungura mmoja, nisipoteze nauli ya kuleta simbilisi wa mbali. Mdogo wangu kanitumia picha ya jike kubwa, jeusi, lina baka kwenye paji kama la Bibi kabisa, yuko tayari kulipandisha basi wiki ijayo. Binti yangu alipoiona ile picha alilia kwa furaha. Mume wangu anasema tuwagawe hawa wawili tumalize.

Moyo wangu uko kwa lile la Njombe. Nifanyeje?

Mama Rehema, Isevya, Tabora

BABU ANAJIBU

Marahaba mwanangu, mwangaluka. Mwambie mume wako kwamba aliyekaa na ng'ombe miaka mingi kama mimi hana mnyama wa kumcheka. Na umewaita kwa jina lao, simbilisi. Wengine huwaita pimbi, na pimbi ni yule wa kwenye mawe, ambaye ukoo wake uko karibu na tembo kuliko na hawa wako.

Kabla ya dume, sungura na jike la Njombe, twende kwa Ubuyu. Leo, usingoje kesho. Simbilisi utumbo wake haupaswi kusimama. Akipitisha siku nzima bila kula, yuko hatarini, awe na msiba au asiwe nao. Chukua mizani ya jikoni, mweke kwenye beseni dogo, mpime, andika. Mpime tena kesho asubuhi na kila siku mpaka ukuaji au ukondaji wake ujionyeshe. Mtu mzima huwa na gramu 700 mpaka 1,200 hivi; kinachokuhusu si namba yenyewe, ni kama inashuka. Angalia na choo chake: punje zikiwa chache, ndogo na kavu, basi si kwamba anakula kidogo kama unavyodhani, ni kwamba karibu hali kitu. Hapo msagie majani laini kwa maji, mpe kwa sirinji isiyo na sindano, pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, na umtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo amtazame meno na kifua. Usisahau kwamba aliishi na mwenzake mwenye mafua.

Halafu ongeza vyombo. Barua yako inasema bakuli na boksi, kimojakimoja. Weka mabakuli mawili mbalimbali, na maboksi mawili au matatu ya katoni, kila moja likiwa na milango miwili, ili anayefukuzwa atokee upande wa pili. Nimeshaona ugomvi wa wanyama wengi unaoitwa tabia, kumbe ni mlango mmoja.

Na mboga? Kiangazi hiki ukoka wa Tabora umegeuka waya. Simbilisi, kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C. Asipoipata kwenye chakula, viungo vinamuuma, manyoya yanasimama, fizi zinatoka damu, anakuwa mkali au anajikunyata. Kila mmoja apate kila siku kipande cha pilipili hoho cha ukubwa wa vidole viwili, na mara mojamoja kipande kidogo cha pera. Nyasi ndizo chakula chenyewe, zisikosekane bandani usiku wala mchana. Kisamvu kibichi na parachichi, majani yake na tunda, usiwape hata kwa kuonja.

Sasa nitasema jambo gumu, na nalisema kwa kuwa bado una wawili. Sidhani kama mafua ndiyo yaliyomuua Bibi. Sikumpasua, lakini ulivyosimulia, chafya kupungua, kisha kukataa chakula, kuharisha maji, tumbo kujaa, ndivyo simbilisi anavyokufa kwa amoksilini. Utumbo wao umejaa vijidudu vizuri vinavyosaga nyasi. Amoksilini, ampisilini na penisilini vinaviua hivyo, wanabaki wabaya, wanazaana haraka na kutoa sumu. Kwa mtoto mchanga dawa hiyo ni salama. Kwa simbilisi inaua ndani ya siku chache. Yule kijana wa dukani hakujua, na wewe ungejuaje?

Hilo liandike kwenye karatasi ubandike juu ya banda, maana siku moja utamwita afisa mifugo, na mkoba wake umeandaliwa kwa ng'ombe na mbuzi. Atakuwa na sindano ya mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, atakuwa na oksitetrasaiklini. Zote mbili mkatalie kwa adabu. Ziko dawa zinazowafaa, enrofloksasini kwa mfano, au zile za sulfa zenye trimethoprimu, na kipimo chake kinafuata uzito, ndiyo sababu nyingine ya mizani.

Kuhusu ugomvi wenyewe. Bibi alikuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Alipokula wa kwanza wengine walijua zamu yao. Ameondoka, na kiti kiko wazi, Kashata anakikalia. Kufukuzana, kupandana, kunguruma huku wakitikisa kiuno, kung'ofoana manyoya, hayo yote ni siasa ya kawaida ya majike, na huisha kwa siku kadhaa au wiki chache. Ukiona damu, au wameshikana kama mpira na kubiringika, watenganishe kwa wavu, waonane na kunusana bila kufikiana. Taulo nene ndiyo itumike kuwaachanisha, kamwe usiingize mkono mtupu. Meno yale yanakata bua la mahindi.

Kwa hiyo huna mjane mmoja anayekufa kwa upweke, una ndugu wawili wanaopanga upya nyumba yao. Hilo linakupa muda. Kama angebaki mmoja peke yake ningekuambia harakisha, kwa sababu hawa ni wanyama wa kundi na aliyebaki peke yake hunyong'onyea. Wewe subiri wiki tatu, ili pia tuwe na hakika mafua hayakubaki kwa hao wawili. Wakipatana wenyewe ndani ya muda huo na Ubuyu akarudia mluzi wake, ukaamua kutomleta yeyote, sitakuona umekosea. Na mumeo mwambie kuwagawa sasa ni kumwondolea Ubuyu hata ndugu aliyebaki naye.

Tuwapitie wachumba.

Dume la jirani, hapana, na hapa sibembelezi. Kashata na Ubuyu wana zaidi ya mwaka na hawajazaa. Jike la simbilisi lisipozaa kabla ya miezi sita au saba, mifupa ya nyonga yake hukazana na haifunguki tena vizuri. Mimba ni ya siku 59 mpaka 72, na watoto hawazaliwi uchi kama wa panya. Wanatoka na manyoya, macho wazi, meno tayari, kila mmoja anaweza kufika gramu 100. Kwenye nyonga iliyofunga mtoto wa namna hiyo anakwama. Utapoteza mama na watoto usiku mmoja. Dume lililohasiwa lingekuwa jambo jingine, tena zuri, dume mmoja aliyehasiwa hutuliza majike vizuri sana. Ila hata akihasiwa, wiki sita zipite kabla hajawekwa nao, kwa sababu mbegu zilizobaki bado zinafanya kazi. Na upasuaji wa mnyama wa gramu 900 unataka mkono uliozoea. Ungekuwa Morogoro jirani na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tungezungumza.

Sungura wa kaka yako mshukuru, mrudishie. Sungura haongei lugha ya simbilisi. Akitaka kucheza anapiga teke la nyuma, na teke hilo linavunja mgongo. Zaidi ya hapo, sungura wengi hubeba kooni vijidudu vya bordetela bila kuumwa, vikimfikia simbilisi vinamshusha kwenye homa ya mapafu. Wakae kila mmoja na banda lake na chumba chake.

Jike la Njombe. Hapa najua nitamuumiza binti. Mdogo wako alilitoa wapi? Kama ni jikoni kwa mtu, na Nyanda za Juu Kusini simbilisi wengi hufugwa hivyohivyo, wakizurura sakafuni dume na jike pamoja, basi jike kubwa karibu kila mara lina mimba. Simbilisi akizaa, ndani ya saa chache yuko tayari kupandwa tena, na dume yupo palepale. Utaagiza mmoja, utapokea watano, na madume watakaozaliwa itabidi uwatoe wakiwa na wiki tatu, kabla hawajawapanda Kashata na Ubuyu, na tumeshasema nini kitafuata. Pia ni mkubwa aliyezoea kuongoza kwake. Kumleta kwa Kashata ambaye ndiyo kwanza amekalia kiti ni kuwasha moto mwingine, na atakayeungua ni Ubuyu. Rangi ya paji la uso inamsaidia binti yako. Wale wawili wananusa, hawatazami paji.

Ningekuwa mimi, ningemwambia mdogo wako hivi: nitafutie majike wawili wadogo, ndugu wa tumbo moja, wenye wiki tatu hivi, wameshaacha kunyonya na wanakula wenyewe. Watoto hawagombei kiti cha Kashata, na Ubuyu atapata wa chini yake, jambo ambalo kwa aliyezoea kufukuzwa ni dawa. Wiki tatu ni kabla jike hajaanza kushika mimba. Akishapita mwezi akiwa na madume, huna uhakika tena.

Najua umeomba mmoja. Nasema wawili kwa sababu mgeni lazima akae chumba kingine wiki mbili mpaka tatu kwanza, tuone kama anapiga chafya, ana utitiri, ana choa. Mtoto wa wiki tatu kukaa peke yake muda wote huo ni mateso, na mwenye mateso haleti raha kwenye nyumba. Wakiwa wawili wanalaliana. Lakini wawili maana yake kundi la wanne, na banda la wanne nisingelifanya dogo kuliko mita mbili kwa mita moja na robo. Kama huna nafasi hiyo, acha kabisa, endelea na hao ulio nao. Mmoja kwa huruma na banda dogo utaniandikia tena mwezi wa pili.

Jinsia usiamini mdomo wa muuzaji, hata akiwa shemeji yako. Mdogo wako amgeuze mtoto, asogeze ngozi taratibu kwa kidole, apige picha akutumie. Jike anaonyesha umbo la herufi Y. Dume ni kama herufi i, nukta na mstari, na ukibonyeza kidogo juu ya nukta, uume unachungulia. Wakifika Tabora wageuze tena wewe mwenyewe, mchana, kwenye mwanga. Hapohapo angalia pua kavu, macho yasiyo na matongo, matako safi, na upulize manyoya uone ngozi: mabaka yasiyo na nywele yenye ukoko ni choa, na choa kinahamia kwa watoto wako.

Safari yenyewe inanitia wasiwasi kuliko yote. Simbilisi anaanza kutaabika joto likipita nyuzi 27, na Tabora ya Septemba na Oktoba unaijua, mchana tunapita 30. Wasipakiwe kwenye buti la basi. Wakae na mtu ndani, kwenye katoni yenye matundu pande zote, nyasi kibao, na vipande vya tango badala ya chombo cha maji kitakachomwagika. Kama hakuna mtu anayekuja, mngoje mvua zianze, mwezi wa kumi na moja, hali ikipoa. Na banda lako kama liko chini ya bati tupu, lisogeze kwenye kivuli cha mwembe, mbali kidogo na Bibi kama binti anapenda, na mchana uwawekee chupa ya maji yaliyogandishwa, umeifunga kitambaa, waegemee.

Siku ya kuwakutanisha, fanya jioni. Si ndani ya banda la akina Kashata, hapo ni kwao. Tandika mkeka mahali ambapo hakuna aliyewahi kulala, mwaga rundo kubwa la majani mabichi katikati, weka maboksi yako ya milango miwili, ingiza wote wanne kwa pamoja, kisha wewe na binti mkae chini na chai yenu, mtulie. Mtasikia meno yakigongana, mtaona Kashata ananyanyua kidevu na kufukuza, mtoto atapiga kelele kama anachinjwa hata hajaguswa. Msiwatoe. Kuwatoa kila wanapofokeana kunafanya mazungumzo yaanze upya kila mara. Watoeni kwa damu tu. Zikipita saa mbili tatu na wanakula kwenye rundo moja, safisha banda lote kwa siki na maji, badilisha nyasi, ndipo waingie pamoja. Usiku huo wa kwanza kalale na sikio moja wazi.

Binti usimwambie Bibi amerudi. Mpe kazi ya mizani. Awe na daftari lake, jina, tarehe, gramu, kila Jumamosi. Yule wa Njombe mwenye baka, kama roho yake haitulii, mwambie mdogo wako amweke kando asichomwe, na akizaa, tuone kama kuna majike wawili kati ya watoto wake. Hao watakuwa na wiki tatu mvua zikiwa zimeshaanza.

Na unitumie uzito wa Ubuyu, wa leo na wa keshokutwa.